Kati ya Lupango na Hati Miliki: Uhakiki wa Istilahi za Ujenzi na Nyumba katika Kiswahili cha Kongo

1. Utangulizi

Ujenzi wa nyumba ni kazi inayowakutanisha watu wa kila namna: mwenye kujenga, fundi, muuza mchanga, dalali, karani wa ofisi ya ardhi na, mambo yakiharibika, wakili na hakimu. Katika miji ya Lubumbashi, Likasi, Bukavu na Goma, wengi wa watu hao huzungumza Kiswahili wao kwa wao. Hata hivyo maneno yao si yaleyale, na pale wanapotumia neno moja, mara nyingi kila mmoja humaanisha kitu chake. Hapo ndipo istilahi inapoacha kuwa suala la kamusi tu. Ukuta hupasuka, na lupango huchukuliwa na mtu mwingine, kwa sababu ya jambo ambalo lilisemwa lakini halikueleweka.

Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi za ujenzi na za milki ya nyumba kama zinavyotumika katika Kiswahili cha Kongo, zikilinganishwa na zile za Kiswahili sanifu. Hoja inayotetewa ni moja. Istilahi haiwi nzuri kwa sababu imetoka katika orodha sanifu, wala haiwi nzuri kwa sababu inasikika kila siku mtaani. Huwa nzuri inapohifadhi ile tofauti ya dhana ambayo nyumba, au haki ya mwenye nyumba, inaitegemea. Palipo na tofauti hiyo, lugha haina budi kuilinda. Pasipo na tofauti, wingi wa maneno si ugonjwa wa kutibiwa.

2. Misimamo miwili

Kuhusu istilahi hizi, misimamo miwili husikika katika mabaraza ya wasomi. Msimamo wa kwanza ni wa wale wapendao usanifu. Kwao, kazi imekwisha kufanywa. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Basi inatosha Mkongo kufungua vitabu hivyo na kujifunza saruji, zege, nondo, kokoto, timazi na pimamaji. Msimamo huu umepata nguvu zaidi tangu mwaka 2022, Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Msimamo wa pili ni wa wale wasemao kwamba lugha ni ya wasemaji. Fundi wa Lubumbashi huchimba fondasio, hufunga ferabeto, humimina beto, husimamisha poto na hupima ukuta kwa filaplo na nivo. Anaeleweka, na kazi inakwenda. Kwa nini asumbuliwe?

Kila msimamo una ukweli wake na upungufu wake. Upungufu wa kwanza unatokana na chanzo cha orodha zenyewe. Orodha nyingi za Afrika ya Mashariki ziliundwa kwa kuanzia neno la Kiingereza na kulitafutia neno la Kiswahili. Fundi wa Kongo hakuanzia huko. Dhana zake za kiufundi zilimfikia kwa Kifaransa, na Kifaransa hakigawi vitu daima kama Kiingereza kinavyovigawa. Akipewa orodha ya Dar es Salaam, hupewa jibu la swali ambalo hakuuliza, na mara nyingine hunyimwa jibu la swali aliloliuliza.

Upungufu wa msimamo wa pili ni kwamba unachanganya kueleweka na kujua. Fundi na mwanafunzi wake huelewana kwa sababu wote wawili wanakiona kitu kinachotajwa. Mwenye nyumba asiyejua Kifaransa, ambaye ndiye anayelipa, hakioni. Kwake fondasio, semeli na shenaje ni sauti tu. Hawezi kuuliza kwa nini kimoja kimeachwa, kwa sababu jina la kitu hicho halimwambii kazi yake.

3. Asili ya tofauti

Ili kuhakiki kwa haki, yafaa kukumbuka kwamba maneno haya yana historia mbili. Istilahi za pwani zilikua pamoja na nyumba za mawe na chokaa za miji kama Lamu na Zanzibar. Humo, dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Boriti, makombamoyo, pau na fito ni maneno ya seremala aliyekuwa na mti wa pwani mkononi. Hata neno saruji ni kongwe kuliko kitu kinachoitwa hivyo leo. Linatokana na neno la Kiajemi lililotaja mchanganyiko wa chokaa unaostahimili maji, kisha likahamishiwa unga wa kiwandani.

Katanga haikuwa na mikoko wala matumbawe. Ilikuwa na udongo mwekundu na vichuguu, ambavyo udongo wake unafaa sana kwa matofali. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianza mwaka 1910, miaka 4 baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière, na ilijengwa kama mji wa kazi. Matofali ya kuchoma, ambayo wenyeji huyaita matafari, yakawa alama ya mji. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakiwezi kuelezwa bila kuangalia kazi na utawala wa wakati huo. Istilahi za ujenzi zinathibitisha hoja hiyo. Kilichokuwapo kabla ya msimamizi wa Kizungu kilibaki na jina la Kibantu au la Kiswahili: mchanga, udongo, mlango, mti, kamba. Kilichokuja pamoja naye kilikuja na jina lake: beto, shevro, plafo, truweli.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba fundi wa Kongo ameharibu Kiswahili. Alipewa kitu na jina siku moja. Swali la mhakiki ni jingine: je, jina hilo limeendelea kumfaa, yeye na mteja wake?

4. Istilahi za ujenzi: wapi pa kuingilia, wapi pa kuacha

Mfano wa kwanza ni wa mahali pa kuacha. Bamba la kuezekea huitwa bati katika Kiswahili sanifu, lata katika Lubumbashi, na katika Kivu wengi husema manjanja. Lata ni neno la Kireno lililopita katika lugha za Kibantu za kusini kabla ya kufika Katanga. Maneno ni matatu, dhana ni moja. Hakuna nyumba itakayovuja kwa sababu mmoja amesema malata na mwingine mabati. Vivyo hivyo saruji, simenti na sima. Kamusi inaweza kuyaorodhesha yote, ikataja eneo la kila moja, na kuendelea na kazi. Nguvu zinazotumika kuwakataza watu kusema malata ni nguvu zilizopotea.

Mfano wa pili ni wa mahali ambapo orodha sanifu inasaidia kweli. Beto na chokaa ya kujengea iliyochanganywa na saruji ni vitu viwili. Beto ina kokoto, na kokoto ndizo zinazoipa uwezo wa kubeba. Mchanganyiko wa mchanga na saruji bila kokoto, ambao Kifaransa huuita mortier, hushikamanisha matofali tu. Mwenye nyumba asiyejua tofauti hiyo anaweza kuona nguzo zake zimejazwa mchanga na saruji bila kokoto, akashukuru. Neno zege limekaa vizuri hapa. Ni fupi, linajulikana kote Tanzania, na linakubali kupanuliwa: zege la nondo ni beto yenye vyuma ndani. Kulikubali zege katika shule za ufundi za Kongo si kuiga. Ni kupata neno moja la wazi la dhana inayobeba nyumba.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi, na hapa orodha sanifu inashindwa. Fundi wa Kongo hutofautisha lento na shenaje. Lento ni kipande cha zege kilazwacho juu ya mlango au dirisha ili kubeba ukuta ulio juu ya uwazi huo. Shenaje ni zege lenye vyuma linalozunguka kuta zote za nyumba bila kukatika, ili kuzifunga pamoja zisiachane. Kazi ya lento ni kubeba, kazi ya shenaje ni kufunga. Katika Tanzania mafundi wengi husema linta, au lenta, kwa vyote viwili, kwa kuwa mara nyingi zege la juu ya madirisha ndilo linaloendelezwa kuzunguka nyumba. Kwao matumizi hayo yanaeleweka kutokana na namna wanavyojenga. Lakini mtafsiri akileta linta Bukavu kuwa tafsiri ya maneno yote mawili, atakuwa amefuta tofauti iliyokuwapo. Mwenye nyumba ataambiwa kwamba linta imewekwa, na itakuwa kweli: vipande vinne vimewekwa juu ya milango na madirisha. Mkanda wa kufunga kuta haupo.

Jambo hili si la mezani. Bukavu na Goma zimo katika bonde la ufa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na upande wa pili wa mpaka, katika Rwanda. Watu walikufa na majengo yalianguka. Ukuta wa matofali usiofungwa na kuta nyingine ndio ulio dhaifu kabisa ardhi inapotikisika kwa upande, kwa maana kila ukuta huenda njia yake.

Je, shenaje libaki lilivyo? Neno hilo lina kasoro ya pili. Katika Kifaransa limejengwa juu ya neno lenye maana ya mnyororo, hivyo msemaji wa Kifaransa anaposikia jina huiona kazi. Liliposafiri kuja katika Kiswahili, picha hiyo ilibaki nyuma. Utohozi ulichukua sauti ukaacha maana. Lugha ina neno lililo tayari: mkanda, ambao Mkongo huuita mukaba. Mkanda wa kuta, au mukaba ya nyumba kama atakavyosema fundi, hueleza jambo lote kwa mtu asiyewahi kusoma. Kila mtu anajua kwamba mkanda unaofika nusu ya kiuno haufungi kitu. Mwenye nyumba aliyepewa neno hilo ataweza kuzunguka ukuta wake na kuuliza: mbona umekatika hapa?

5. Lupango na kiwanja

Katika istilahi za milki, neno la kwanza ni lile la mahali penyewe. Kiswahili sanifu husema kiwanja, Lubumbashi husema lupango, na msomi wa Kifaransa husema parseli. Wapendao usanifu wangetaka kiwanja kishinde. Lakini kwa mkazi wa Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, kiwanja ni mahali pa kuchezea mpira au pa kutua ndege. Hakuna anayelala humo.

Lupango ni neno linalopatikana katika lugha za jirani, zikiwemo Kibemba, likihusu ua au uzio. Katika Kiswahili cha Lubumbashi limepanuka. Hutaja eneo lililopimwa, uzio wake, nyumba zote zilizomo, na hata uhusiano wa wanaoishi humo. Watu wa lupango moja huchangia bomba la maji, choo, na mara nyingi kilio na sherehe. Kiwanja hakibebi mzigo huo, na parseli hubeba sehemu ya vipimo tu. Kwa kigezo cha makala hii, lupango linastahili kuingia katika kamusi likiwa neno kamili, si likiwa neno la mtaani.

Atakayelikubali hana budi kuliwekea sarufi. Kwa asili, kiambishi lu- hulingana na u- ya Kiswahili sanifu, na wingi wake ungetarajiwa kuwa tofauti. Lakini wasemaji wenyewe husema malupango, na kwa busara, kwani mapango katika Kiswahili sanifu ni mashimo ya milimani, na pango ni pia kodi ya nyumba. Njia nyepesi ni kulifuata sikio la wasemaji na kuliweka katika ngeli ya LI-YA: lupango hili, malupango haya. Kupokea neno bila kulipa ngeli ni kumkaribisha mgeni bila kumwonyesha pa kukaa.

6. Karatasi za lupango

Hapa ndipo penye hasara kubwa kwa raia. Mtu anayeuza lupango husema kwamba ana karatasi. Mnunuzi huonyeshwa karatasi yenye mhuri, hulipa, na hujenga. Lakini neno karatasi hufunika vitu visivyolingana: hati ya mauziano iliyoandikwa na wauzaji wenyewe, fishi ya lupango iliyotolewa na kata, mkataba wa kupanga ardhi ya Dola, na ile hati ya mwisho ambayo Kifaransa huiita certificat d'enregistrement.

Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, iliweka kanuni iliyo wazi. Ardhi ni mali ya Dola, haiuzwi. Mtu hupewa haki ya kuitumia na kufaidi, iitwayo konsesio: ya daima kwa raia wa Kongo, na ya kawaida, yenye muda, kwa wengine. Haki hiyo haithibitishwi ila kwa certificat d'enregistrement. Tena, miaka 2 ikipita tangu hati hiyo kutolewa, sheria hiyo iliifanya isipingike. Basi aliyenunua kwa hati ya mauziano pekee, akatulia, anaweza kuja kukuta kwamba mwingine alisajiliwa zamani. Alikuwa na karatasi, ni kweli. Neno halikumwambia ni ipi.

Wapendao usanifu watasema: tumia hati miliki. Pendekezo hili linaonekana zuri, lakini ndilo la hatari kuliko yote. Katika Tanzania, ardhi yote ni ya umma, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimweka Rais kuwa mdhamini wake. Hati miliki ya huko hutoa haki ya kuikalia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Huko neno limezoeleka pamoja na sheria yake, na watu wanajua mipaka yake. Likihamishiwa Kongo peke yake, bila sheria iliyolizaa, hubaki na maana yake ya kawaida tu: kumiliki. Mnunuzi husikia kwamba ardhi imekuwa yake, jambo ambalo sheria ya 1973 ililikataa waziwazi.

Kiswahili cha kila siku kimekuwa makini zaidi kuliko watafsiri. Watu husema mwenye nyumba. Hawasemi sana mwenye ardhi. Sheria ya 1973 nayo iliitenga nyumba na ardhi inayoibeba: nyumba yaweza kuwa mali ya mtu, ardhi hubaki ya Leta. Kwa hiyo certificat d'enregistrement yafaa kuitwa hati ya usajili. Jina hilo halimwahidi mtu kitu ambacho hakupewa, nalo linamkumbusha tendo linalompa nguvu, yaani kusajiliwa. Karatasi nyingine ziitwe kwa kazi zake: hati ya mauziano, fishi ya lupango, mkataba wa upangaji wa Leta. Majina manne kwa vitu vinne.

Neno garanti lina shida ya namna hiyo. Katika miji ya Kongo ni fedha anazotanguliza mpangaji kabla ya kuingia katika nyumba. Mtafsiri wa haraka huandika dhamana. Lakini dhamana ni ahadi ya kubeba deni au mwenendo wa mtu, na katika benki huchanganyika na rehani. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka kikomo cha miezi 3 ya kodi kwa nyumba za kuishi, na fedha hizo ni za kurudishwa mwisho wa upangaji. Fedha za kurudishwa zina jina katika Kiswahili: amana. Mpangaji anayejua kwamba ameweka amana anajua pia kwamba ana cha kudai. Aliyelipa garanti, mara nyingi hudhani amelipa ada ya kuingia.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba si orodha za pwani wala mazoea ya mtaa yanayoweza kuachiwa kazi yote. Malata na mabati yaishi pamoja. Zege lipokewe kwa shukrani. Linta lisiruhusiwe kumeza shenaje, na mkanda wa kuta ufundishwe. Lupango lipewe ngeli na nafasi katika kamusi. Hati miliki ibaki Tanzania, ambako ina sheria ya kuitafsiri, na Kongo iwe na hati ya usajili. Garanti irudi kuwa amana.

Utaratibu unaopendekezwa ni rahisi kuutaja, ingawa una jasho. Mwanafunzi wa istilahi aanzie pale nyumba inapojengwa, asikilize fundi anatofautisha nini na nini. Aende ofisi ya ardhi, aone karatasi zenyewe. Baada ya hapo ndipo afungue kamusi za Dar es Salaam, akiuliza kwa kila neno: je, linahifadhi tofauti niliyoiona, au linaifuta? Anayeanzia kamusi huishia kulazimisha vitu vifanane na maneno.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 iliitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, na kukiacha Kifaransa kuwa lugha rasmi. Maana yake ni kwamba sheria ya ardhi na mikataba ya ujenzi imeendelea kuandikwa katika lugha moja, na nyumba kujengwa katika nyingine. Mtu wa katikati ni mtafsiri, hata kama ni mtoto wa shule anayemsomea baba yake mkataba chini ya mwembe. Anachohitaji ni maneno machache yasiyodanganya. Kumpatia maneno hayo ni kazi ya idara za Kiswahili, na haihitaji kusubiri amri ya mtu.